Marekani: Gloria Ladson-Billings, profesa aliyewauliza wazazi ni mwalimu gani anayefundisha vizuri

Mama mmoja wa kaskazini mwa jimbo la California alijulikana kwa tarti zake za viazi vitamu, chakula ambacho familia za Wamarekani weusi hupenda sana siku za sikukuu. Mwalimu wa shule ya msingi alimwita aje darasani. Hakumwita kusikiliza malalamiko juu ya mtoto wake. Alimwita kufundisha.

Kwa siku chache, saa moja au mbili kila siku, mama huyo aliwaonyesha wanafunzi namna tarti inavyoandaliwa. Yeye alipomaliza, kazi ya darasa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Watoto walitumwa kutafuta habari za George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyezaliwa utumwani na baadaye akajulikana kwa utafiti wake juu ya karanga na viazi vitamu. Walipima ladha na kulinganisha. Walitunga mpango wa kuuza tarti hizo. Walichunguza pia mtu anahitaji masomo gani ili awe mpishi wa kazi.

Sayansi, hesabu, historia na biashara vilitoka katika jiko la mzazi mmoja. Aliyeandika tukio hilo ni Profesa Gloria Ladson-Billings, na katika maandishi yake linaonyesha jambo ambalo amelitetea kwa zaidi ya miaka 30: utamaduni wa nyumbani kwa mtoto si kizuizi cha masomo. Mwalimu akiufahamu, ndiyo njia ya kumfikisha mtoto kwenye masomo.

Leo vyuo vingi vya ualimu nchini Marekani vinafundisha mawazo yake. Lakini fedha za kuandaa walimu wa aina hiyo zimekatwa, na jambo hilo linawagusa pia watoto wa Congo wanaosoma kule.

Kutoka Philadelphia hadi Wisconsin

Gloria Ladson-Billings alizaliwa mwaka 1947 mjini Philadelphia, mashariki mwa Marekani. Alikua wakati ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa bado sheria katika majimbo ya Kusini, na hata Kaskazini mtoto mweusi alijua mitaa na shule zilizokuwa zake na zisizokuwa zake.

Katika maandishi yake anamkumbuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mweusi, ambaye aliwasimulia wanafunzi historia ya watu weusi isiyokuwemo katika vitabu vya shule. Mapema hivyo aligundua kwamba kitabu cha shule kinaweza kumwacha mtu nje, na kwamba mwalimu ana uwezo wa kumrudisha ndani.

Mwaka 1968, mwaka ambao Martin Luther King aliuawa, alimaliza masomo ya ualimu katika chuo kikuu cha Morgan State mjini Baltimore, moja ya vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Kwa takriban miaka 10 alifanya kazi katika shule za umma za Philadelphia. Mwaka 1972 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 1984 udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Alifundisha walimu katika Chuo Kikuu cha Santa Clara, kisha mwaka 1991 akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Huko ndiko alikobaki hadi alipostaafu mwaka 2018.

Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata cheo cha kudumu cha profesa katika kitivo cha elimu cha chuo hicho.

Swali lililogeuzwa

Wakati alipoanza utafiti, maandishi mengi ya wataalamu kuhusu watoto weusi yalikuwa na swali moja: wana kasoro gani? Walielezwa kuwa watoto waliokosa utamaduni, waliotoka katika nyumba zisizofaa, wasioweza kufuata masomo. Mwalimu aliyesoma maandishi hayo aliingia darasani akiwa tayari amekata tamaa.

Ladson-Billings aligeuza swali. Aliuliza: wako wapi walimu wanaofaulu na watoto hawa, na wanafanya nini?

Ili kuwapata, hakuanza na wakubwa wa elimu. Alienda kwa wazazi weusi, wengine akakutana nao makanisani, akawaomba wamtajie walimu wanaowaona kuwa bora. Wazazi walitaja walimu waliowaheshimu wao wenyewe kama wazazi, waliofanya watoto wapende shule, na waliowafanya watoto wajione kuwa watu wenye thamani bila kuwadharau wengine. Kisha akawauliza wakuu wa shule. Wao walikuwa na vipimo vingine: nidhamu, kuhudhuria darasani, na pointi za mitihani.

Baada ya hapo aliziweka orodha mbili pamoja. Majina yaliyokuwemo katika zote mbili yalikuwa 9. Mwalimu mmoja hakukubali kushiriki, wakabaki 8, wote wanawake: 5 weusi na 3 wazungu.

Hesabu hiyo ya mwisho ni muhimu. Ilionyesha kwamba si lazima mwalimu awe wa rangi moja na mwanafunzi ili amfundishe vizuri. Lakini ni lazima amjue, amwamini, na ajue anakotoka.

Profesa alikaa katika madarasa yao, akatazama, akawahoji, akawakusanya ili watazame pamoja video za masomo yao na kuyajadili. Matokeo yake ni kitabu kilichotoka mwaka 1994, The Dreamkeepers, ambacho hadi leo kinasomwa katika vyuo vya ualimu.

Mambo matatu yanayokwenda pamoja

Mwaka 1995 aliandika makala mbili zilizoeleza kile alichokiona. Walimu wale 8 hawakufanana kwa tabia. Wengine walikuwa wakali na wenye mpangilio wa zamani, wengine waliwaacha watoto wazungumze na kutembea darasani. Hata hivyo, mambo matatu yalionekana kwao wote.

La kwanza ni masomo yenyewe. Mtoto lazima ajue kusoma, kuandika, kuhesabu na kufikiri. Kumpenda mtoto bila kumfundisha si kumsaidia. Mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi hadi kuacha kumdai kazi amemdhulumu.

La pili ni utamaduni. Mtoto ajifunze bila kulazimika kuacha lugha, nyimbo na desturi za kwao. Mmoja wa walimu hao aliwaruhusu watoto wadogo kuleta maneno ya nyimbo za rap, mradi yasiwe na matusi. Kwa nyimbo hizo aliwafundisha vina, mizani na maana iliyofichwa, kisha akawavusha hadi kwenye mashairi ya vitabuni. Mwingine aliwaacha watoto watumie Kiingereza cha nyumbani kwao, lakini akawadai waweze kukigeuza kiwe Kiingereza cha shule. Mtoto alitoka na lugha mbili badala ya kunyang'anywa moja.

La tatu ni jicho la kukosoa. Mtoto afundishwe kuuliza kwa nini mambo yako hivi yalivyo. Katika shule moja vitabu vilikuwa vimechakaa na kupitwa na wakati. Walimu na wanafunzi hawakuishia kulalamika. Walichunguza kwa nini shule za mitaa ya wenye nafasi zinapata vitabu vipya, kisha watoto wakaandika barua kwa gazeti la mji wao kuwajulisha wananchi. Lilikuwa somo la kuandika, na pia la uraia.

Wengi waliposikia haya walimwambia kwamba huo ni ufundishaji mzuri tu, hakuna jipya. Alikubali, kisha akawarudishia swali: ikiwa ni ufundishaji mzuri tu, kwa nini ni nadra sana kuuona katika madarasa ya watoto weusi?

Wako pia waliosema kwamba walimu 8 ni wachache mno kwa kutoa kanuni ya nchi nzima, au kwamba jambo kama hili ni gumu kupima kwa mtihani. Hoja hizo zina uzito. Lakini kazi ile haikudai kuhesabu walimu wote. Ilitaka kuonyesha kwamba jambo lililosemwa kuwa haliwezekani tayari lilikuwa linafanyika.

Kumwandaa mwalimu kabla hajaingia darasani

Kuwaona walimu bora ni jambo moja. Kuwaandaa wapya ni jingine, na hapo ndipo sehemu kubwa ya kazi yake ilipo.

Takwimu za Marekani zinaonyesha ugumu. Tangu mwaka 2014, wanafunzi wazungu ni chini ya nusu katika shule za umma. Lakini walimu wapatao 8 kati ya 10 ni wazungu. Walimu weusi ni kama 6 au 7 tu kati ya 100.

Historia ina sehemu yake katika hali hiyo. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini watoto walipounganishwa, majimbo ya Kusini yalifunga shule nyingi za weusi, na maelfu ya walimu weusi walipoteza kazi. Katika makala ya mwaka 2004, Ladson-Billings aliandika juu ya gharama hiyo ambayo watu weusi walilipa.

Hivyo, kijana mwingi wa ualimu nchini humo anakwenda kufundisha watoto ambao hajawahi kuishi nao jirani. Profesa ameeleza kosa moja analoliona mara nyingi kwa vijana walio katika staji. Mtoto akipiga kelele au akikataa kufanya kazi, wanauliza kama pengine huo ndio utamaduni wake. Mtoto mzungu akifanya vilevile, hakuna anayeuliza habari za utamaduni. Wengi wao, wakiulizwa kuhusu utamaduni wao wenyewe, husema hawana, wao ni watu wa kawaida tu. Kwa maoni yake, vyuo vinawapa walimu saikolojia nyingi, lakini karibu haviwafundishi namna ya kuielewa jamii wanayoikuta.

Katika miaka ya 1990, yeye na wenzake wa Wisconsin waliendesha programu ya kuandaa walimu wa shule za msingi iliyoitwa Teach for Diversity. Wanafunzi wake walikuwa watu wenye shahada tayari. Kabla ya kushika chaki, walipelekwa kwanza kufanya kazi katika jamii, pahali ambapo watoto wako nje ya shule pamoja na watu wao. Mwalimu mpya alimwona mtoto kwanza kama jirani na mwana wa mtu, kisha ndipo akamwona kama mwanafunzi. Mwaka 2001 profesa alitoa kitabu, Crossing Over to Canaan, kinachofuata safari ya walimu wapya 8 wa programu hiyo, pamoja na makosa na machozi yao.

Si pengo, ni deni

Mwaka 2006, akiwa rais wa chama kikubwa cha watafiti wa elimu Marekani, AERA, alitoa hotuba inayotajwa hadi leo.

Kwa miaka mingi, wanasiasa na wataalamu walikuwa wakizungumza juu ya pengo la pointi kati ya watoto wazungu na watoto weusi. Yeye aliwaomba waache kuliita pengo. Alitumia mfano wa fedha za serikali. Upungufu wa bajeti ni wa mwaka mmoja. Deni ni jumla ya upungufu wa miaka yote, pamoja na faida yake. Pengo la pointi, alisema, ni kama upungufu wa mwaka huu. Nyuma yake kuna deni.

Alilitaja deni hilo katika sehemu nne. Kuna la historia: wakati wa utumwa ilikuwa kosa katika majimbo mengi kumfundisha mtumwa kusoma. Kuna la uchumi: shule za weusi zilipewa fedha kidogo kwa vizazi. Kuna la siasa: wazazi walionyimwa kura hawakuwa na sauti katika maamuzi juu ya shule za watoto wao. Na kuna la maadili: nchi inajua lililo haki, lakini hailitendi.

Tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Ukisema pengo, macho yote yanamgeukia mtoto aliyebaki nyuma. Ukisema deni, mtu anauliza nani anadaiwa.

Kwanzaa ya siku moja haitoshi

Mawazo yake yalienea, na yalivyoenea yalipungua uzito. Mwaka 2014 aliandika makala ya kujisahihisha na kuwasahihisha wengine. Alilalamika kwamba katika shule nyingi kazi yote imegeuzwa kuwa kuongeza vitabu vichache vya waandishi wasio wazungu, kubandika picha za watu wa rangi mbalimbali ukutani, au kufanya sherehe ya Kwanzaa darasani.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulipima jambo hilo vizuri. Kwanzaa ni sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga, na jina lake limetokana na maneno ya lugha yetu, matunda ya kwanza. Mtoto anaweza kuwasha mishumaa na kutamka umoja, ujima na imani, kisha kesho yake akarudi kwenye dawati ambapo hakuna anayemfundisha kusoma vizuri. Sherehe si mbaya. Ila haiwezi kuchukua nafasi ya somo.

Katika makala hiyohiyo alikubali kwamba wasomi vijana, akiwemo Django Paris, wamelipeleka wazo lake mbele. Utamaduni wa vijana haukai mahali pamoja, na yeye mwenyewe alikuwa amejifunza hayo kwa kuwafundisha wanafunzi washairi na wasanii wa hip-hop katika chuo chake. Profesa aliyeanza kwa kuwasikiliza wazazi kanisani alikuwa sasa anawasikiliza vijana wa rap.

Watoto wa Congo katika madawati ya Marekani

Kwa Wacongo wa mashariki, mambo haya si habari za mbali. Mwaka 2016, nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani ilikuwa Congo, zaidi ya watu 16,000. Katika miaka kadhaa iliyofuata, Congo iliendelea kushika nafasi ya kwanza. Wengi walitoka kambi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na wengi wao wanazungumza Kiswahili.

Mtoto aliyeanza shule katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, anaweza kuwa amesoma programu ya Congo kwa Kifaransa, akacheza kwa Kiswahili, na nyumbani akazungumza Kibembe au Kinyamulenge. Akifika katika shule ya Marekani, karatasi yake ya kwanza mara nyingi inasema jambo moja: hajui Kiingereza. Lugha tatu anazozijua hazina nafasi kwenye karatasi hiyo.

Hapo ndipo swali la Ladson-Billings linapofanya kazi. Mwalimu aliyeandaliwa kuuliza mtoto amekosa nini ataona shimo. Yule aliyeandaliwa kuuliza mtoto amekuja na nini ataona mtu aliyekwisha kujifunza lugha tatu, na ambaye ya nne haitamshinda. Mzazi wake, hata kama hajui Kiingereza, ana jambo la kufundisha darasa, kama yule mama wa tarti.

Lakini upepo umegeuka. Tangu mwaka 2021, majimbo kadhaa ya Marekani yametunga sheria za kupunguza mazungumzo juu ya rangi na ubaguzi shuleni. Jina la Ladson-Billings limeingia katika ugomvi huo, kwani mwaka 1995 yeye na mwenzake William Tate ndio walioleta katika elimu nadharia ya wanasheria inayochunguza namna ubaguzi unavyokaa ndani ya sheria na taasisi. Ameeleza kwamba hicho ni chombo cha watafiti, si somo la watoto wa shule ya msingi. Maelezo hayo hayajazima moto.

Januari 2025, serikali ya Rais Donald Trump ilisimamisha kupokea wakimbizi. Mwezi uliofuata, wizara ya elimu ilitangaza kukata zaidi ya dola milioni 600 za kuandaa walimu, ikisema fedha hizo zilitumika kueneza mawazo yanayogawa watu. Baadhi ya majimbo yalikwenda mahakamani. Tarehe 4 Aprili 2025, Mahakama Kuu iliruhusu serikali izuie fedha za majimbo hayo wakati kesi inaendelea.

Wanaounga mkono hatua hiyo wanasema shule inapaswa kumtazama kila mtoto kama mtoto, bila kuhesabu rangi. Wanaoipinga wanasema fedha hizo zilikuwa zikiwapeleka walimu katika maeneo ambayo tayari yana upungufu mkubwa wa walimu.

Kazi iliyobaki

Ladson-Billings hakunyamaza baada ya kustaafu. Kuanzia 2017 hadi 2021 aliongoza akademia ya taifa ya elimu ya Marekani. Mwaka 2021, wakati shule zilipokuwa zikijiandaa kufunguliwa baada ya Covid-19, wengi walitamani mambo yarudi kama zamani. Yeye aliandika kwamba kurudi kama zamani si habari njema kwa watoto ambao zamani ilikuwa tayari imewashinda. Alitumia mfano wa simu: kuna wakati kuizima na kuiwasha hakutoshi, inabidi kuianzisha upya kabisa.

Programu zinaweza kufungwa na fedha zinaweza kukatwa. Lakini vipimo vile ambavyo wazazi walimpa, miaka zaidi ya 30 iliyopita, havigharimu dola hata moja. Je, mwalimu anamheshimu mzazi? Je, mtoto anapenda kwenda shule? Je, anarudi nyumbani akijiona kuwa mtu? Mzazi yeyote anaweza kuuliza hayo, awe Philadelphia, awe Bukavu.